Tulidhani kumleta mtoto kutoka Kigoma ni kama kuvusha chumvi

MIMI ni mfanyabiashara wa mpakani. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitoka Manyovu na kuingia Mugina nikiwa na chumvi ya Uvinza, mabeseni na sahani za plastiki. Ninajua karatasi ipi inatakiwa kwenye dawati lipi, na ninajua ofisa yupi huchelewa kurudi baada ya chakula cha mchana. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022, mimi na mke wangu tulipokubaliana kumchukua mtoto wa kike wa Kigoma awe mwanetu hapa Bujumbura, nilijiambia kwamba nalo hilo nitalimaliza ndani ya wiki mbili.

Ninaandika haya kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa aina yangu. Ama ni wakimbizi waliorejea, ama ni wachuuzi wenye jamaa pande zote mbili. Kila ninapoeleza yaliyonikuta, hakosi mtu wa kunivuta pembeni na kuniambia kwamba naye ana mtoto wa namna hiyo.

Mama wa mtoto huyu alikuwa akiuza dagaa Kibirizi, pale Kigoma mjini. Sisi wachuuzi tulimwita dada. Mwaka 2015, mambo yalipochafuka Bujumbura na mimi nikashindwa kurudi Kigoma kuchukua mzigo wangu, alinitunzia magunia kwa miezi minne, na niliporudi nilikuta hata kamba hazijafunguliwa. Aliugua ghafla na kufariki dunia mwaka 2021, akaacha mtoto wa miaka mitatu. Mtoto akabaki Ujiji na bibi yake mzaa mama, ambaye amekwisha pita miaka sabini na macho yanamsumbua. Mimi na mke wangu wakati huo tulikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila kupata mtoto.

Bibi ndiye aliyeanza kutamka. Tulikwenda kumpa pole ya arobaini, akamwita mke wangu ndani, wakakaa muda mrefu. Walipotoka mke wangu alikuwa amefuta machozi na kuninong'oneza kwamba bibi anasema kama tuna nafasi, mtoto ni wetu.

Njia ya mkato

Nilipofika mpakani nilimweleza kijana mmoja anayetusaidia kujaza fomu. Hakushangaa hata kidogo. Alisema jambo hilo ni dogo. Nirudi Burundi, nitafute mashahidi wawili, niende ofisi ya etasivili nikamwandikishe mtoto kana kwamba mke wangu amemzaa nyumbani na sisi tukachelewa kuandikisha. Baada ya hapo mtoto atavuka kama mtoto wangu, hakuna wa kuuliza. Alinitajia na gharama zake.

Nakiri kwamba usiku ule nilipiga hesabu. Mke wangu ndiye aliyekataa. Aliniuliza siku mtoto akiuliza alikozaliwa tutamwambia nini, na siku bibi akitaka kumwona atamwona kama nani.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna swali jingine, nalo ni la polisi. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na Burundi ilitunga ya kwake mwezi Oktoba 2014. Mtu anayevusha mtoto asiye wake kwa cheti cha uongo anaonekana mbele ya sheria hizo kama mtu mwingine yeyote anayevusha watoto, hata awe na moyo mzuri namna gani. Nimeshuhudia kwa macho yangu mama mmoja akizuiliwa mpakani kutwa nzima na mpwa wake wa kweli kwa sababu majina hayakuoana, na yeye hakuwa na cheti cha uongo. Hakuwa na cheti chochote.

Ofisi ya Ustawi wa Jamii

Basi tulikwenda kuuliza. Afisa Ustawi wa Jamii tuliyekutana naye alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati na kutoa kitabu cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Neno la kwanza nililojifunza pale ni kuasili. Kuasili mtoto maana yake ni kumfanya wako kisheria kabisa, kama uliyemzaa, na wazazi wa kwanza wanapoteza haki na wajibu wao wote juu yake. Nilipokwenda kumwambia bibi neno hilo, alistuka. "Mwanangu, mnataka mjukuu wangu aasi?" Tulicheka, lakini nilikuja kuona kwamba hofu yake ilikuwa na mahali pake.

Masharti yenyewe, kwa kifupi, yako hivi. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Hapo tulipita. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, si kwa mtendaji wa kijiji wala kwa mwenyekiti wa mtaa, na mahakama huteua mtu wa kusimama upande wa mtoto tu, asiye upande wa mwombaji wala wa ndugu. Mzazi aliye hai lazima aridhie. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye husikilizwa.

Kwa mtu asiye raia wa Tanzania masharti yanaongezeka. Lazima ionekane kwamba mtoto hawezi kupata malezi yafaayo kwa njia nyingine ndani ya nchi. Mwombaji asiwe na rekodi ya jinai kwao, na awe na barua kutoka kwa mamlaka ya nchi yake inayosema kwamba anafaa kulea. Aioneshe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Amlee mtoto kwanza kwa muda chini ya macho ya Ustawi wa Jamii. Na zaidi ya yote, awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo.

Hapo niliruka kwenye kiti. Nilimwambia mama yule kwamba mimi nimeishi Tanzania miaka kumi na miwili, tangu 1996 hadi 2008, katika kambi ya Mtabila kule Kasulu, nimesoma huko, nimejifunza biashara huko, hata lafudhi yangu ni ya Kigoma. Aliniangalia kwa huruma. Kwa maoni yake, mahakama itataka kujua unaishi wapi sasa unapomwomba mtoto, ili Ustawi waje nyumbani kwako wakuone unavyoishi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. "Nije kukukagua wapi, ndugu yangu?"

Nikajaribu la Jumuiya. Si tuna soko la pamoja tangu Julai 2010? Akasema Jumuiya imefungulia bidhaa na wafanyakazi, watoto kila nchi imebaki na sheria yake. Ni kweli. Kuna Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaohusu watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Burundi imo tangu mwaka 1999 ulipoanza kutumika kwetu, Kenya tangu 2007, Rwanda tangu 2012. Tanzania, Uganda na Kongo hazikujiunga. Kwa hiyo mtu wa Bujumbura anayetaka mtoto wa Ujiji hawezi kutegemea ofisi mbili za serikali zipelekeane faili kama mkataba unavyotaka. Faili analibeba mwenyewe.

Baba aliyepatikana Mpanda

Kabla hatujatoka, mama yule aliuliza swali ambalo sisi hatukujiuliza. "Baba wa mtoto yuko wapi?"

Tulijibu kwamba hayupo. Ndivyo tulivyokuwa tumeambiwa Kibirizi, na bibi mwenyewe alikuwa amesema hivyo. Afisa akasema hayupo ni neno lenye maana nyingi. Amekufa? Kuna cheti cha kifo? Amekimbia? Amekwenda wapi, na nani alimtafuta?

Ilichukua miezi saba. Alipatikana Mpanda, akifanya kazi ya ujenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameachana na mama wa mtoto kabla hajazaliwa, alipata habari za msiba wakati umekwisha pita, akaona haya kutokea Ujiji mikono mitupu. Tulikutana mwaka 2023 kwenye mgahawa wa stendi. Nilikwenda nikiwa na hasira za kumtetea marehemu, nikajikuta namwagizia chai.

Alikubali haraka mno. Alisema mtoto aende akasome Burundi, ajue Kifaransa, akirudi atakuwa mtu mkubwa. Mke wangu ndiye aliyeshtuka na neno akirudi. Ikabidi turudi nyuma, tumweleze polepole kwamba kwenye cheti kipya jina lake halitakuwapo, kwamba mbele ya sheria hatakuwa baba tena. Akanyamaza. Akauliza kama mtoto ataendelea kuitwa kwa jina lake. Kwetu Burundi, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa kila mmoja na jina lake asiloshirikiana na baba, kwa hiyo mimi sikuwa nimelifikiria sana jambo hilo. Kwa Mtanzania jina la baba linamfuata mtoto shuleni, hospitalini, kwenye cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA. Kumfutia jina ni kumfuta yeye.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kinachoharibu mambo haya kila mahali. Kwa desturi zetu kumpa mtu mtoto alee si kumpoteza. Mtoto anakwenda kwa shangazi, anakwenda kwa mama mkubwa mjini, anasoma, likizo anarudi, akioa au kuolewa wote wanakaa mkeka mmoja. Sheria ya kuasili haiko hivyo. Inafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Mzazi anatia saini akiwa na picha ya desturi kichwani, na karatasi inasema jingine.

Hata watu wakubwa limewakuta. Mwaka 2006 mwanamuziki Madonna alimchukua mtoto David Banda kutoka kituo cha yatima cha Mchinji, Malawi, karibu na mpaka wa Zambia. Ikafahamika kwamba baba yake, mkulima, yu hai. Baba huyo alinukuliwa na waandishi wa habari akisema hakuelewa kwamba mtoto amekwenda moja kwa moja, na baadaye akasema hapingi. Mwaka 2009 Madonna aliporudi kumwomba mtoto wa pili, Mercy, Mahakama Kuu ya Malawi ilimkatalia mwezi Aprili kwa sababu hakuwa mkazi wa nchi hiyo. Alikata rufaa, na mwezi Juni mwaka huohuo akashinda. Mke wangu aliposikia kisa hicho alisema sisi hatuna hata nauli ya wakili, seuze rufaa.

Kwa nini milango imefungwa

Wapo wasomaji walio na ndugu Canada, Ubelgiji au Marekani ambao wanataka kumchukua mtoto wa ndugu aliyekufa huku nyumbani. Mara nyingi wananiuliza kama huko ndiko kwepesi zaidi, kwa kuwa Wazungu wana utaratibu. Utaratibu upo, tena mrefu. Afisa wa huko atafika nyumbani kwa mwombaji zaidi ya mara moja, atatazama mshahara, vyumba, afya, ndoa, na atauliza mambo ambayo mtu wa kwetu hamwambii hata mshenga. Kisha kuna ruhusa ya uhamiaji, ambayo ni jambo la pekee. Hukumu ya mahakama ya Afrika haimpi mtoto viza.

Lakini ugumu mkubwa uko upande wetu, na umezidi miaka hii. Rwanda ilisimamisha maombi ya wageni mwaka 2010 ili kupanga upya mambo yake kabla ya kuingia kwenye Mkataba wa The Hague. Kongo ilizuia vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa mwezi Septemba 2013, na familia za Ulaya na Marekani zilizokuwa tayari zimepewa hukumu zikakaa zinangoja hadi mwaka 2016 ndipo mafaili mengi yakaachiliwa. Fikiria mtoto aliyekwisha oneshwa picha ya kitanda chake, anangoja Kinshasa miaka miwili na nusu. Kenya ilisimamisha mwezi Novemba 2014. Uganda ilibadili sheria yake mwaka 2016, ikapunguza muda wa mgeni kukaa nchini kutoka miaka mitatu hadi mmoja, lakini ikaziba njia ya ulezi wa kisheria ambayo wageni walikuwa wakiitumia kuwatoa watoto haraka. Ethiopia, ambayo mwaka 2010 pekee ilitoa watoto zaidi ya 2,000 kwenda Marekani, ilipiga marufuku kabisa mwezi Januari 2018. Hata China, iliyokuwa ikitoa watoto wengi kuliko nchi yoyote, ilifunga mwaka 2024 isipokuwa kwa ndugu wa karibu wa damu na watoto wa kambo.

Serikali hizi hazikufanya hivyo kwa chuki. Palipokuwa na mahitaji ya mtoto na fedha ya kigeni, wakatokea madalali. Mwezi Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na watu wengine kwa tuhuma za mpango wa kuwatoa watoto vijijini kwa udanganyifu, wazazi wakiambiwa kwamba watoto wanakwenda kusoma, kisha wakaasiliwa Marekani.

Na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Chad. Mwezi Oktoba 2007 Wafaransa wa chama kilichoitwa L'Arche de Zoé walikamatwa Abéché wakijiandaa kuwapandisha ndege watoto 103. Walisema ni yatima wa vita vya Darfur. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu yalipozungumza na watoto wenyewe, 91 walisema walikuwa wakiishi na mtu mzima wanayemjua kuwa mzazi wao. Wengi wao walikuwa wa vijiji vya Chad palepale mpakani. Wafaransa sita walihukumiwa miaka minane ya kazi ngumu, wakapelekwa kwao, na mwezi Machi 2008 wakasamehewa na Rais wa Chad. Watoto walikaa kituoni Abéché miezi wakati wazazi wao wakithibitishwa. Mimi ninapokisoma kisa hiki siwaoni wale Wafaransa. Nawaona wazazi wa mpakani walioambiwa kuna shule.

Eneo letu nalo lina kumbukumbu yake. Kati ya mwaka 1959 na 1962, watoto wapatao mia tatu waliozaliwa na baba wa Kizungu na mama wa Kiafrika walichukuliwa kutoka kituo cha watawa cha Save, karibu na Butare, wakapelekwa Ubelgiji kwa familia mbalimbali. Wengine waliandikwa majina na tarehe za kuzaliwa kwa makosa, na wakatenganishwa na ndugu zao. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni mwezi Aprili 2019. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliwapa ushindi wanawake watano wa aina hiyo, waliochukuliwa kwa mama zao Kongo wakiwa wadogo, ikisema kitendo kile kilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Wale ni bibi sasa. Wametumia maisha yao wakitafuta faili.

Kwa waliorejea

Nataka nikae kidogo hapa, kwa kuwa najua wako wengi. Mtu anarudi kutoka kambini na watoto watano, wanne wake, wa tano alimwokota njiani mwaka fulani, akamlea, akamwandikisha kwenye kadi ya chakula kama wake. Hakufanya kosa. Aliokoa maisha. Tatizo linakuja mkifika nyumbani na jambo likaanza kugusa shamba, kitambulisho na mahari.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limekuwa likisema tangu miaka ya tisini kwamba mtoto aliyepotezana na wazazi kwenye vita asiasiliwe mapema. Kwanza atafutiwe jamaa, na kwa kawaida muda huo usipungue miaka miwili. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994 watoto zaidi ya laki moja waliandikishwa kuwa wametengana na wazazi, na makumi ya maelfu walirudishwa kwa jamaa zao. Tuliokuwa kambini tunazikumbuka picha za watoto zilizobandikwa kwenye mbao.

Rumonge namjua mama aliyerudi na mtoto wa kiume wa namna hiyo. Kijana alipofika miaka kumi na tisa, akatokea baba mdogo wake kutoka upande wa Gitega, ana kovu na hadithi vinavyolingana. Kijana hakuhama. Alikwenda kuwasalimu, akaoneshwa kaburi la babu, akarudi kwa mama aliyemlea. Yule mama alinieleza kwamba kilichomwokoa ni kitu kimoja: hakuwahi kumficha. Tangu akiwa mdogo alimwambia mahali alipomkuta, siku gani, na alikuwa amevaa nini. Shati lenyewe bado analo.

Ushauri wangu kwa mwenye mtoto wa aina hii ni kwamba andika unayoyakumbuka leo, mlima, mwaka, lugha aliyokuwa akisema, kisha nenda mahakamani kwenu ukapate hukumu ya ulezi au ya kuasili kwa jina lake la kweli. Usingoje mpaka afike umri wa kuoa.

Jibu la Sheikh wa Ujiji

Bibi yetu wa Ujiji alikuwa na mashaka yake tangu lile neno la kuasi. Bila kutuambia alikwenda kwa Sheikh wa msikiti wa mtaani. Sisi pia ni Waislamu, wa Buyenzi, na ni aibu kwamba hatukuanzia huko. Sheikh alisema kumlea yatima ni thawabu kubwa, bali kumbadilisha nasaba hairuhusiwi, na akataja Sura ya Al-Ahzab. Mtoto abaki na jina la baba yake. Malezi ya namna hiyo yanaitwa kafala. Urithi hapati kama mtoto wa damu, lakini mlezi anaweza kumwusia mpaka theluthi ya mali yake.

Mimi nilidhani hayo ni mambo ya msikitini tu. Kumbe Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina, pamoja na kuasili, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitaja. Ugumu ni kwamba kafala haikupi hati ya kusafiria. Dawatini mpakani wanajua mzazi na wanajua mlezi mwenye karatasi. Ukimwambia ofisa kafala anakuuliza imepigwa mhuri na nani.

Tulipofikia

Tulikuwa na mpango wa mwisho. Mke wangu ahamie Kigoma kwa kibali, afungue duka dogo la vyombo pale mjini, atimize ile miaka mitatu, na hata kama tusingeasili mtoto angekuwa karibu naye. Tulikuwa tumeanza kutafuta fremu. Mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo za aina kumi na tano, na uuzaji wa bidhaa wa rejareja na jumla umo. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa amri hiyo, kila mfanyabiashara wa mpakani ana lake la kusema. Kwetu sisi ilikuwa fremu ambayo hatukuilipia kodi.

Kwa hiyo hatukumwasili. Mtoto yuko Ujiji, mwaka 2025 alitimiza miaka saba, anasoma. Baba yake hutuma fedha anapopata kazi, si kila mwezi, na amekwisha kuja kumwona mara tatu. Sisi tunalipa mengine, na miwani ya bibi. Likizo ya Desemba anakuja kwetu.

Mara ya kwanza alipokuja alikaa wiki tatu, na kwa usiku nane mfululizo alikojoa kitandani, kitu ambacho Ujiji alikuwa ameacha zamani. Mke wangu alikuta vipande vya mkate chini ya mto. Niliona labda hatupendi. Nesi mmoja jirani yetu akatuambia mtoto aliyefiwa na mama akihamishwa mahali hufanya hivyo, tusimgombeze, na tusimlazimishe kumwita mke wangu mama. Anamwita mama mdogo. Mimi ananiita baba chumvi, jina alilopewa na watoto wa Buyenzi, na sina uwezo wa kulifuta.

Bibi anazidi kuzeeka. Siku akiondoka jambo hili litafunguka upya, na nimekwisha kumwuliza Afisa Ustawi litakuwaje. Alisema baba yupo na ataulizwa yeye kwanza, kisha akanishauri niweke kila kitu tulichokwisha fanya, risiti za shule, barua za kuvuka, tarehe za kila likizo, kwenye bahasha moja.

Kwa anayetaka kumleta mtoto likizo, karatasi tunazotumia sisi ni hizi. Hati ya safari ya mtoto mwenyewe. Nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Kadi yake ya kliniki yenye chanjo. Barua ya ridhaa iliyosainiwa na baba, ikiwa na tarehe ya kwenda na ya kurudi, jina la anayesafiri naye na anwani anakofikia, ikapigwa mhuri kwa mtendaji wa kata. Toeni nakala tatu za barua hiyo. Moja huchukuliwa Manyovu, moja huchukuliwa Mugina, na ya tatu mnaihitaji siku ya kumrudisha.